Kangomba ya Watoto Wetu





Kwa kawaida tafakari yetu ya juma huanzia kwenye masomo ya Dominika. Juma hili mtuwie radhi, tunaanzia kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo mama mmoja wa parokia yetu alituletea ofisini baada ya Misa ya pili, akiifungua kutoka kwenye pindo la khanga.

Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono. Inasema kwamba mtoto wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 16 na mwanafunzi wa kidato cha tatu, anakabidhiwa kwa bwana mmoja atakayempeleka Dar es Salaam katika kituo cha kulea vipaji vya mpira wa miguu, na kwamba nusu ya kila atakachokipata mtoto kwa muda wa miaka kumi itakuwa mali ya bwana huyo. Jina la kituo halikutajwa. Shule haikutajwa kabisa. Chini kuna sahihi ya baba mzazi. Mama hakuulizwa, aliambiwa jambo lilipokwisha, pamoja na habari kwamba baba amekwisha kupokea shilingi laki tatu na simu ya mkononi.

"Baba Paroko," alituambia, "mimi sikatai mtoto kucheza. Nauliza tu: hapa tumesaini nini?"

Tumekaa na swali hilo siku tatu, na sasa tunalileta kwenu nyote, maana si swali la nyumba moja. Kijana mwenyewe mnamfahamu. Ni yule winga wa kulia ambaye jioni za Jumapili huwafanya hata wazee waache bao na kuja kusimama kando ya kiwanja. Baadhi yenu mmekwisha kuipongeza familia yake. Bwana yule amesema atarudi kumchukua Jumamosi ya juma lijalo. Basi tunaandika tukiwa na siku kumi mkononi, na tunaandika kwa kupinga. Lakini tunawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kuamua ni kitu gani tunachokipinga.

Hatupingi mpira. Wala hatutaimba ule wimbo wetu sisi mapadre na walimu, "soma kwanza, mengine baadaye", kana kwamba kipaji cha miguu ni kitu cha aibu kinachopaswa kufichwa uvunguni mpaka vyeti vipatikane. Mwili wa mchezaji una msimu wake, kama bahari yetu ilivyo na kusi na kaskazi. Upepo haumngojei nahodha aliyechelewa. Anayemwambia kijana wa miaka 20, aliye tayari kulipwa kwa kazi yake, kwamba asubiri mpaka atimize 25, huenda anamwambia asiende kabisa.

Tuna mfano wetu wa nyumbani, nao umesomwa vibaya kwa miaka mingi. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, wakati wenzake wa Marekani huushika mpira huo tangu utotoni. Urefu wake, zaidi ya mita mbili na sentimita 20, ulimfikisha katika shule ya sekondari mjini Houston, kisha mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alicheza misimu mitatu. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, naye alihesabiwa miongoni mwa wazuiaji wakali kuliko wote nchini humo. Masomo ya chuo ni ya miaka minne. Yeye, mwaka wa tatu ulipokwisha, aliaga na kuingia katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA. Tarehe 25 Juni 2009 aliitwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Aliyeitwa wa kwanza siku ile alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, wa saba Stephen Curry; wote watatu wakawa nyota. Thabeet, mwezi Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujakwisha, alishushwa kwenda kucheza katika ligi ndogo, na kabla yake hakuna mchezaji aliyeitwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake katika NBA ikakoma. Tangu hapo wako watu, huko na huku kwetu, waliolifanya jina lake kuwa mzaha wa kijiweni: alikimbilia fedha, angemaliza chuo kwanza.

Sisi tunasema mzaha huo ni dhuluma. Aliondoka akiwa na umri wa miaka 22, mtu mzima aliyeamua juu ya mwili wake mwenyewe. Tena tuangalie soko alilokuwa akilitoka. Mwezi Februari 2009, Thabeet alipokuwa akicheza kwa ufadhili wa masomo tu, pasipo mshahara, mwandishi mmoja alimwuliza kocha wake, Jim Calhoun, kama angerudisha sehemu ya mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka, kwa kuwa bajeti ya jimbo ilikuwa na upungufu. Kocha alijibu kwa hasira kwamba hatarudisha hata senti. Kanuni za wakati ule zilimzuia mchezaji wa chuo kulipwa kwa jina lake na sura yake. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2021, na vyuo vyenyewe vikaanza kugawana mapato na wachezaji mwaka 2025. Na je, masomo yenyewe? Mwaka 2013 timu hiyohiyo ya Connecticut ilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu maendeleo ya masomo ya wachezaji wake katika miaka iliyotangulia yalikuwa chini ya kiwango. Basi tusilitamke neno shule kana kwamba kila aliye ndani ya geti anasoma, na kila aliye nje amepotea.

Lakini tazameni namna Thabeet alivyoondoka, maana hapo ndipo penye somo letu. Aliitwa hadharani, mbele ya timu zote za ligi, kila mtu akiisikia namba yake. Mkataba wake ulifuata viwango vilivyokubaliwa kati ya ligi na chama cha wachezaji. Kwa walioitwa katika duru ya kwanza, mishahara ya miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya uhakika, hata kama kocha angemweka benchi. Na ile miaka mitatu ya chuo haikufutika, kwa kuwa masomo aliyofaulu mtu hubaki katika daftari za chuo. Thamani yake uwanjani ilishuka, lakini yeye mwenyewe hakuanguka nayo. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anaishi kwa kazi yake, akicheza Japani na Taiwan. Alipimwa kwenye mizani, akapewa stakabadhi, na mlango haukufungwa nyuma yake. Tunaomba myashike mambo hayo matatu, tutayarudia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mbwana Samatta. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 18. Aliondoka mapema, naam. Lakini klabu ilizungumza na klabu, na mkataba ulikuwapo. Alikaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne, akatwaa huko ubingwa wa Afrika mwaka 2015, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Kila ngazi aliikanyaga kabla ya kupanda nyingine.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Sisi watu wa Mtwara hatuhitaji mtu wa kutufundisha jambo hili linaitwaje. Linaitwa kangomba.

Kwa mgeni anayesoma ukurasa huu, kangomba ni ununuzi wa korosho wa kichochoroni. Mnunuzi huja nyumbani katika miezi ya ukata, kabla minada haijafunguliwa, akiwa na kopo badala ya mizani, na noti mkononi badala ya stakabadhi. Hamlazimishi mtu. Humkuta baba ana mgonjwa, au ana deni la kupalilia mikorosho, naye huondoka na mali ya msimu mzima kwa fedha ya juma moja. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 tumekuwa na mfumo wa stakabadhi ghalani: korosho ipelekwe Chama cha Msingi, ipimwe, mkulima apewe karatasi yake, kisha mnada uwe wa wazi. Mfumo huo una kasoro zake, nanyi mmetusimulia nyingi. Lakini hakuna mkulima asiyejua tofauti ya mizani na kopo.

Kumbukeni Oktoba 2018. Wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa mnadani kuuza korosho kwa bei waliyoiona ya dharau, mpaka jambo likafika Ikulu na Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kumbukeni mwaka 2013, watu wa mkoa huu walipoingia barabarani kuuliza gesi ya Msimbati inakwenda Dar es Salaam kwa faida ya nani, na wako ambao hawakurudi nyumbani. Kwa korosho tuligoma. Kwa gesi tuliuliza. Kwa mtoto, tumesaini.

Tuisome basi karatasi ya mama yule kama tusomavyo karatasi ya ghala. Mizani iko wapi? Hakuna klabu iliyomwona kijana huyu, wala kocha aliyeandika neno juu yake. Yuko mtu mmoja tu aliyesimama kando ya kiwanja jioni mbili, naye ndiye mpimaji, ndiye mnunuzi, na ndiye atakayekuwa muuzaji. Stakabadhi iko wapi? Karatasi inaeleza vizuri sana anachokipata bwana yule, ila haisemi mtoto atalala wapi, atakula nini, atasoma wapi, wala nani atalipa hospitali akivunjika mguu. Na mlango wa kurudi uko wapi? Hauonekani katika mstari wowote.

Msidhani tunaweka masharti ya kipadre ambayo dunia ya mpira haiyajui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kila aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto. Kanuni za FIFA zinakataza, isipokuwa kwa masharti machache, mchezaji aliye chini ya umri huo kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Barcelona, pamoja na ukubwa wake wote, iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kuvunja kanuni hiyo, ikafungiwa kusajili wachezaji. Kanuni hizohizo zinaagiza kwamba asilimia 5 ya fedha za uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Maana yake ni kwamba kiwanja cha mchanga alichojifunzia mtoto kina haki yake inayotambuliwa duniani. Lakini haki hiyo huifuata klabu iliyosajiliwa na mchezaji aliyeandikwa. Mtoto anayepandishwa basi alfajiri kwa karatasi ya mkono hajaandikwa popote. Hata akifika mbali, kiwanja chetu hakitajulikana kwamba kilikuwapo.

Mnakumbuka habari ya Esau katika kitabu cha Mwanzo, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu kwa sababu alirudi kutoka porini akiwa na njaa. Mara nyingi tumehubiri tukimlaumu kwa ulafi. Leo tunamwonea huruma kidogo, kwa kuwa Esau walau aliuza kilichokuwa chake, na dengu alikula mwenyewe.

Labda mtasema mlango wa kurudi ni jambo dogo, kwamba kijana akishindwa atarudi tu nyumbani. Sikilizeni lililowahi kutokea katika nchi tajiri. Wamarekani wana mpira wao wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia ngumu. Mwaka 2004 kijana mmoja, Mike Williams, mpokeaji wa mipira wa Chuo Kikuu cha Southern California, alikuwa amecheza misimu miwili tu, na ligi yao ya kulipwa, NFL, ilitaka miaka mitatu ipite tangu mchezaji amalize sekondari. Mwezi Februari mahakama ikatengua sharti hilo katika kesi ya kijana mwingine, Maurice Clarett. Williams akaona njia imefunguka. Akaajiri wakala, akaacha chuo. Kabla siku ya uteuzi haijafika, mahakama ya rufani ikalirudisha sharti lilelile. Ligi ikamkataa kwa kuwa amewahi mno. Akaomba kurudi kuchezea chuo, na wasimamizi wa michezo ya vyuo wakamkataa kwa kuwa amekwisha kutoka. Msimu mzima akakaa nje, huku hayumo na kule hayumo. Mwaka 2005 aliitwa wa kumi, na timu ya Detroit Lions, lakini msimu uliopotea haukurudi. Huyo alikuwa mtu mzima, anayejulikana nchi nzima, mwenye wanasheria. Wetu ana mama na pindo la khanga.

Wazee wa pwani hii husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ni methali nzuri, nasi wenyewe tumeitumia mara nyingi kuwafariji wazazi wenye watoto wa mbali. Lakini methali hiyo inachukulia kwamba chombo kina ngama.

Hapa inatubidi tuungame, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole tukiwa tumekificha chetu. Mwaka 2016 tulimsimamisha kijana mwingine mbele ya altare. Alikuwa na umri wa miaka 17. Tulimbariki, tukamvisha rozari, tukachanga nauli kwa kikapu cha pili, na kwaya ikaimba. Hatukuuliza anakwenda kwa nani. Tulifurahi tu kwamba parokia yetu imetoa mchezaji. Baada ya miezi kumi na minne alirudi na goti lililovimba, bila barua ya daktari wala barua ya klabu. Wenzake walikuwa wamekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Alikwenda shuleni kwake kuuliza, akaambiwa nafasi yake haipo. Leo anabeba magunia ghalani wakati wa msimu wa korosho, na msimu ukiisha anakwenda na wavuvi. Gunia hulibeba upande mmoja, kwa kuwa goti lile halikupona.

Mwaka jana, tukiwa tumekaa naye kwenye gogo pale bandari ya wavuvi, alituuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa: "Padre, siku ile mlinichangia nauli ya kwenda. Mbona hamkunichangia ya kurudi?" Kutoka Dar es Salaam alikuwa amerudi kwa kuomba lifti kwenye malori.

Hatukuwa na jibu. Tafakari hii ni jibu letu, limechelewa.

Tunajua mtakavyotujibu, na jibu lenu lina uzito. Mtasema: Padre, waliomaliza kidato cha nne wako wapi? Tunawaona kwenye vijiwe vya bodaboda. Waliomaliza chuo nao wako hapohapo. Ni kweli, na atakayewaambia kwamba cheti ni mkate mezani anawadanganya. Lakini kijana wetu ana umri wa miaka 16. Umebaki mwaka mmoja na kitu afike kwenye mtihani, na akifika huko atakuwa anakaribia miaka 18, umri uleule ambao Samatta alivuka mpaka akiwa na mkataba. Akisubiri mpaka hapo hapotezi kitu cha kipaji chake, na anapata kitu kimoja ambacho baba yake hakuwa nacho siku ile, yaani uwezo wa kuisoma karatasi na kusema hapana.

Mtasema pia: bahati haiji mara mbili. Baba wa kijana huyu alikuja kwetu juzi, na tunamshukuru kwa kuja. Si mtu mbaya. Ni mvuvi, na mnajua samaki walivyo miaka hii. Alituambia: "Padre, nikikataa na bahati isirudi, wewe utamjibu nini mtoto wangu?" Tulikaa kimya. Yawezekana bwana yule ni mkweli, na kituo kipo, na kijana angekuwa mtu mkubwa. Hatuwezi kumwahidi baba kwamba mwingine atakuja. Tunachoweza kumwahidi ni kwamba mtu mkweli hataogopa kuulizwa. Mwenye mizani haikimbii ghala.

Na kijana mwenyewe? Tulimwuliza naye, kwa kuwa ni mwili wake. Alisema: "Padre, nikisubiri nitazeeka." Tungecheka kama asingekuwa anatazama chini. Tukamwuliza kama anajua kituo anachopelekwa kinaitwaje. Hakujua. Tukamwuliza kama anataka kujua. Akasema ndiyo.

Basi tunaamua hivi, na tunawaomba mtusaidie.

Jumamosi hiyo bwana yule akija, hatamchukua mtoto barazani kwa baba. Atakaribishwa ukumbi wa parokia, saa tatu asubuhi, mchana kweupe. Watakuwapo baba na mama, wote wawili. Atakuwapo mwenyekiti wa kijiji, afisa ustawi wa jamii, na mwalimu wa michezo wa shule yake, ndugu yetu Mwislamu aliyemfundisha kijana huyu tangu akiwa kidato cha kwanza, na ambaye hakuna aliyefikiri kumwuliza. Tutauliza maswali machache ya kawaida. Kituo kinaitwaje, na kimesajiliwa wapi? Mtoto atahamishiwa shule gani, na barua ya uhamisho iko wapi? Akiumia, nani atalipa? Mama yake atamwona lini? Ile nusu ya miaka kumi inatoka katika kanuni ipi? Majibu yakipatikana kwa maandishi, sisi wenyewe tutambeba begi mpaka stendi, na kwaya itaimba tena. Yasipopatikana, mtoto atarudi darasani Jumatatu.

Laki tatu lazima zirudi. Baba hana, zimekwisha kuliwa, na tusijifanye hatujui. Hapa ndipo tutakapojulikana kama tunasema au tunatenda. Mnunuzi wa kangomba hushinda kwa sababu siku ya shida yeye huja na noti, na sisi huja na mawaidha. Kikapu cha pili cha Dominika ijayo kitakuwa kwa ajili ya kumkomboa mtoto huyu kutoka katika deni hilo. Atakayetoa mia tano atakuwa ametoa.

Kitakachozidi kitaanzisha mfuko mdogo ambao tumeupa jina la Nauli ya Kurudi. Kila mtoto wa eneo hili, awe wa kanisani au wa msikitini, akiondoka kwenda kutafuta riziki kwa miguu yake, kwa sauti yake au kwa mikono yake, jina lake litaandikwa, na nauli ya kumrudisha itakuwapo. Na akirudi, asiambiwe tena kwamba nafasi haipo. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Tangazo hilo tuligonge kwenye mlango wa kila shule, na anayerudi asipelekwe huko peke yake. Kwa yule wa goti, tumekwisha kuzungumza naye habari ya kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Amesema atafikiri. Ana haki ya kufikiri.

Tunamaliza na mwana mpotevu, ambaye tumezoea kumhubiri kama mtoto mkaidi. Msomeni tena katika Luka sura ya 15. Yule naye aliondoka mapema. Alitaka urithi wake kabla ya wakati. Baba hakumfungia mlango. Alimpa sehemu yake kamili, hakumkata nusu ya miaka kumi. Akamwacha aende. Na siku aliporudi, baba alimwona angali mbali. Mtu hawezi kumwona anayerudi angali mbali kama hakuwa na desturi ya kutoka nje na kutazama barabara.

Jumamosi ya juma lijalo, saa tatu asubuhi, ukumbi wa parokia. Bwana mwenye karatasi naye amealikwa.

Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko wenu